Huduma ya MAXI: tathmini ya mtu anayezifuatilia pulsa za eksirei kutoka Tanga

MAXI ni kamera ya eksirei iliyofungwa nje ya Kibo, maabara ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Tangu Agosti 2009 imekuwa ikiipitia sehemu kubwa ya anga kila kituo hicho kinapomaliza kuizunguka dunia mara moja, yaani kila baada ya dakika 92 hivi, na vipimo vyake huwekwa wazi kwa watu wote kwenye tovuti ya taasisi ya utafiti ya RIKEN, bila malipo na bila kujisajili. Nimeitumia huduma hiyo kwa muda mrefu hapa Tanga, peke yangu na pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma fizikia, na tathmini hii inahusu kazi moja tu: je, inamfaa mtu anayetaka kufuatilia jinsi mwangaza wa pulsa (nyota nyutroni zinazojizungusha na kuonekana kwetu kwa mapigo) zinazonyonya gesi ya nyota wenza unavyopanda, unavyoshuka na unavyomweka ghafla? Jibu langu ni kwamba inamfaa sana, kwa sharti ajue mapema ni mabadiliko gani yanaonekana humo na ni yapi hayaonekani hata kidogo.

Kwanza nieleze kinachotafutwa, kwa sababu huduma haiwezi kupimwa bila kujua mtumiaji amefuata nini. Nyota nyutroni ina tungamo linalozidi lile la jua letu, lakini kipenyo chake ni kilomita ishirini na kitu tu. Ikiwa na nyota mwenza karibu, gesi ya mwenza huyo huvutwa na kuiangukia. Uga wake wa sumaku, ambao katika nyingi ya pulsa hizi una nguvu zaidi ya mara trilioni moja ya ule wa dunia, huishika gesi hiyo kabla haijafika chini na kuielekeza kwenye ncha mbili za sumaku. Huko gesi hugonga uso wa nyota kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, na kila kilo inayoanguka hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo kilo hiyo hiyo ya hidrojeni ingetoa kwa muungano wa nyuklia. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hututokea kama eksirei, na kwa kuwa nyota inajizungusha, ncha zake hutugeukia na kutupa kisogo kwa zamu. Ndiyo maana tunaona mapigo.

Mwangaza huo haubadiliki kwa sababu moja. Kuna mpigo wenyewe, wa sekunde au dakika. Kuna kupatwa, pale nyota mwenza inapoikinga pulsa tusiione. Kuna kupanda na kushuka kunakofuata obiti, yaani safari ya pulsa kuizunguka nyota mwenza, kuna mimweko ya ghafla ya dakika hadi saa chache pale gesi inapoanguka kwa mafungu, na kuna mifumuko mikubwa inayodumu majuma kadhaa. Kila badiliko lina muda wake, na kila chombo cha kupimia nacho kina muda wake. Pale nyakati hizo mbili zinapopatana, huduma hii ni hazina. Pale zisipopatana, grafu inaweza kumpotosha mtu vibaya, na nitaeleza jinsi inavyotokea.

Ukifungua ukurasa wa chanzo kimoja unakutana na grafu za mwangaza wake tangu 2009. Moja ni ya jumla, kutoka kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya eksirei) 2 hadi 20, na nyingine tatu zimegawanywa kwa nishati: 2 hadi 4, 4 hadi 10, na 10 hadi 20. Pamoja na grafu kuna mafaili ya maandishi matupu, moja likiwa na kipimo kimoja kwa kila siku na jingine likiwa na kipimo kimoja kwa kila mzunguko wa kituo. Faili la siku halifiki megabaiti moja. Hilo si jambo dogo kwetu, kwa sababu maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye simu na bando dogo kabisa anaweza kupakua historia yote ya pulsa moja, na umeme ukikatika katikati ya kazi, faili limeshakaa kwenye simu yake. Linafunguka katika lahajedwali ya kawaida. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni mwangaza wa jumla kwa fotoni (chembe za mwanga) katika sentimita moja ya mraba kwa sekunde, ya tatu ni ukubwa wa shaka ya kipimo hicho, kisha zinafuata jozi za bendi tatu kwa mpangilio ule ule.

Tarehe ndiyo kikwazo cha kwanza. Haziandikwi kwa siku na mwezi bali kwa hesabu ya siku za Julian iliyorekebishwa, inayoanzia Novemba 1858, ili siku 59000 iwe 31 Mei 2020. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapo hapo, na bila sababu, kwani dawa yake ni fupi: ukitoa 15018 kwenye namba hiyo unapata namba ambayo lahajedwali nyingi huitambua kama tarehe ya kawaida, na kilichobaki ni kubadili mtindo wa safu. Ningependa sana kuona maelezo kama hayo yameandikwa pale pale penye faili.

Chanzo ninachomshauri kila mgeni aanze nacho ni A0535+26, kilicho katika kundinyota la Ng'ombe. Pulsa hii hujizungusha mara moja kwa sekunde 103 hivi, na huizunguka nyota mwenza yake kwa siku 111 katika obiti iliyorefuka. Mwenza huyo ni nyota ya aina ya Be, inayozunguka kwa kasi kubwa kiasi cha kumwaga gesi inayojipanga kama sahani kiunoni mwake. Pulsa inapofika mahali pa karibu zaidi huchota gesi kutoka ukingo wa sahani hiyo na kung'aa. Mvuvi wa Sahare aliyezoea kuhesabu siku za bamvua atalielewa jambo hili upesi: kupanda kunarudi kwa kalenda, na kimo chake hakilingani kila mara. Kuna vipindi virefu ambapo sahani husinyaa, na pulsa hupita mahali pake pa karibu bila kupata cha maana. Halafu kuna mifumuko mikubwa, ambayo haikubali kufungwa na kalenda ya obiti na ambayo hudumu majuma.

Grafu ya MAXI inaonyesha yote hayo kwa uwazi ambao sijaupata katika kitabu chochote cha shule. Unaona mfumuko mkubwa wa Desemba 2009, miezi michache tu baada ya kamera kuanza kazi. Unaona mwingine wa Februari 2011. Kisha unaona miaka mingi ya utulivu wenye vilima vidogo. Na ghafla, Novemba 2020, unasimama mnara unaozidi vyote. Katika bendi ya kiloelektronivolti 15 hadi 50, inayopimwa na chombo kingine nitakachokieleza, pulsa hiyo ilifika takriban mara 11 ya nebula ya Kaa, ambayo ndiyo kipimo ambacho wanaastronomia wa eksirei hulinganishia mwangaza wa vyanzo vingine. Kilele kilikuwa karibu na 19 Novemba, ambayo ni siku ya 59172. Mwanafunzi anayeitafuta namba hiyo katika faili na kuona safu ya pili ikipanda mstari baada ya mstari, siku baada ya siku, haambiwi tena kwamba mwangaza ulibadilika. Anausoma mwenyewe.

Herufi A katika jina la A0535+26 ni ya Ariel V, satelaiti ya Uingereza iliyoigundua pulsa hiyo mwaka 1975. Ariel V ilirushwa Oktoba 1974 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, katika pwani hii hii yetu. Jukwaa hilo hilo ndilo lililorusha Uhuru, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ni kwa vipimo vya Uhuru kwamba mwaka 1971 kundi lililoongozwa na Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, lilitambua mapigo ya sekunde 4.8 ya Cen X-3, na baada yake mapigo ya sekunde 1.24 ya Her X-1. Mpaka leo vyanzo vinavyoanzia na 4U, kama vile pulsa ya 4U 1626-67, vinabeba jina la orodha ya nne ya Uhuru. Nimeyataja haya kwa sababu ukurasa wa MAXI huyaorodhesha majina hayo bila maelezo, na mwalimu wa pwani asiyejua asili yake anapoteza somo lililo karibu naye sana.

Baada ya A0535+26 ninawapeleka wanafunzi kwenye GX 301-2, na hapo ndipo huduma hii inanishangaza zaidi. Pulsa hii hujizungusha polepole, mara moja kwa sekunde 680 hivi, na huzunguka nyota kubwa mno yenye upepo mzito wa gesi katika obiti ya siku 41.5. Ukiitazama grafu ya miaka yote kwa pamoja unaona vurugu tupu ya nukta. Lakini ukichukua tarehe za faili la siku, ukazigawanya kwa 41.5, ukabaki na sehemu ya desimali pekee na kuipanga upya data kwa sehemu hiyo, vurugu inajipanga: kila mzunguko una mmweko mkubwa mahali pamoja, na mahali hapo ni siku moja na nusu hivi kabla pulsa haijafika karibu kabisa na mwenza wake. Mtu angetarajia kilele kiwe mahali pa karibu zaidi, si kabla yake. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba nyota kubwa hutoa pia mkondo mnene wa gesi, na pulsa huukata mkondo huo kabla ya kufika.

Hapa bendi tatu za MAXI zinafanya kazi ambayo grafu moja isingeifanya. Karibu na mmweko huo, bendi ya 10 hadi 20 inaruka juu, ilhali bendi ya 2 hadi 4 inabaki karibu palepale ilipokuwa. Eksirei za nishati ndogo humezwa kwa urahisi na gesi nzito, na zile za nishati kubwa hupenya. Kwa hiyo mwanafunzi anayelinganisha safu mbili za faili moja anapata ushahidi kwamba pulsa ilikuwa imezamishwa ndani ya gesi nyingi wakati huo huo ilipokuwa ikila kwa wingi. Sijui huduma nyingine ya bure ambayo inampa mtu asiye na mafunzo ya chuo kikuu hoja nzito kama hiyo kwa gharama ya namba chache za lahajedwali.

Sasa nije kwenye mipaka. Ni mipaka ya namna chombo kilivyojengwa na si uzembe wa waendeshaji wake, lakini asiyeijua atadanganyika. MAXI haikazii macho nyota yoyote. Kamera zake ni nyufa nyembamba zinazofagia anga kadiri kituo kinavyozunguka, na chanzo kimoja hukaa machoni mwake kwa dakika moja hivi, kisha hutoweka mpaka mzunguko unaofuata. Chukua Vela X-1, pulsa iliyo katika kundinyota la Tanga (tanga la chombo cha baharini, si mji wetu), ambayo hujizungusha mara moja kwa sekunde 283 na kuizunguka nyota kubwa ya HD 77581 kwa siku karibu 9. Kwa tazamo la dakika moja MAXI inaona kama sehemu moja ya tano tu ya mpigo mmoja. Mara hii inaukuta mpigo ukiwa juu, mara inayofuata inaukuta ukiwa chini. Mtu anayefungua faili la kila mzunguko ataona nukta zikirukaruka na atasema ameona mimweko, kumbe sehemu ya mruko huo ni nyota kujizungusha tu, na sehemu nyingine ni uchache wa fotoni zilizohesabiwa. Kwa pulsa za mwendo wa polepole kama Vela X-1 na GX 301-2, nashauri faili la kila mzunguko lisitumike kabisa kudai kwamba nukta moja iliyopanda ni mmweko. Nukta tatu au nne zilizofuatana zikipanda pamoja, hapo kuna jambo la kuzungumza.

Na mimweko halisi ya Vela X-1 ipo, tena mikali. Mwaka 2003 satelaiti ya Ulaya ya INTEGRAL ililikazia macho eneo hilo na kunasa mimweko iliyozidi mara tano ya mwangaza wa Kaa, na katika kipindi hicho hicho ikanasa pia nyakati za kuzimika ambapo mapigo hayakuonekana tena. Upepo wa nyota kubwa hautoki laini. Hutoka kwa mabonge, na bonge linapoifikia pulsa mwangaza hupanda, na panapokuwa na mwanya hushuka. Lakini mabonge peke yake huenda yasitoshe kueleza kuzimika kwa ghafla namna hiyo, kwa hiyo wataalamu huuangalia pia uga wa sumaku, ambao gesi ikipungua unaweza kuwa kizuizi badala ya njia, ukiisukuma nje au kuichelewesha juu ya nyota mpaka hali ibadilike. Mjadala huo haumaliziki kwa data ya MAXI. Kwa mabadiliko ya dakika na sekunde zinahitajika data za vyombo vinavyokaza macho kwa muda mrefu, kama RXTE, iliyofanya kazi kati ya mwishoni mwa 1995 na Januari 2012, au NICER, iliyofungwa kwenye kituo hicho hicho cha anga mwaka 2017. Data hizo pia ni za bure, lakini programu za kuzichakata ni nzito, na kwa maabara zetu za shule bado ni mzigo mkubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa GRO J1744-28, pulsa iliyogunduliwa Desemba 1995, ambayo hujizungusha zaidi ya mara mbili kwa sekunde na ambayo milipuko yake huisha ndani ya sekunde chache. MAXI inaweza kuona kwamba chanzo kimeamka. Mlipuko mmoja mmoja wa namna hiyo haikujengwa kuusoma.

Niseme jambo moja kuhusu HD 77581, kwa sababu wengi hudhani elimu hii haina kitu cha kuonekana kwa macho. Nyota hiyo ina mwangaza wa daraja la 6.9, pungufu kidogo tu ya kile ambacho jicho tupu huweza kuona, na kwa latitudo ya Tanga hupanda vizuri upande wa kusini saa tatu za usiku mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Tumeitafuta kwa darubini ya mikono tukiwa upande wa Raskazone unaotazama bahari, mbali na taa za barabarani, usiku ambao mawingu ya masika yalikuwa bado hayajafunga. Ilionekana kama nukta nyeupe isiyo na ajabu yoyote. Umbali wake ni zaidi ya miaka 6,000 ya mwanga, na pulsa inayoizunguka ilikuwa humo humo ndani ya nukta ile. Wanafunzi waliporudi kwenye grafu yake walikuwa na maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu faili lile.

Kwa anayetaka kujua kama MAXI inatosha peke yake, ushauri wangu ni kuiweka pamoja na huduma mbili za Marekani, ambazo nazo ni za bure. Ya kwanza ni vipimo vya BAT, chombo kilichomo katika satelaiti ya Swift iliyorushwa Novemba 2004. Grafu zake za ufuatiliaji hupima kiloelektronivolti 15 hadi 50, na katika bendi hiyo pulsa nyingi zinazonyonya gesi hung'aa sana, kwa hiyo mifumuko yao hujitokeza vizuri. Faili lake ni la maandishi vilevile, na kugawanya kipimo chochote kwa 0.22 kunakupa mwangaza kwa kipimo cha Kaa, jambo linalorahisisha ulinganisho. Kasoro yake kubwa kwa kazi hii ni jua. Satelaiti hailielekei jua, kwa hiyo vyanzo vilivyo kwenye njia ya jua hupata pengo kila mwaka. A0535+26 huliingia pengo hilo katika majira ya Juni, jua linapopita katika kundinyota la Ng'ombe. MAXI nayo ina mapengo yake, yanayorudi kila baada ya miezi miwili na kitu kutokana na obiti ya kituo kujigeuza polepole. Mtu akiona kupanda na kushuka kwa kipindi cha namna hiyo katika chanzo hafifu, aitilie shaka obiti ya kituo kabla hajaisingizia nyota.

Katika mafaili yote mawili kuna namba hasi, na hapo maelezo ya tovuti hayamsaidii mwanafunzi wa sekondari. Binti mmoja wa kidato cha sita aliniuliza, "Mwalimu, nyota inawezaje kutoa mwanga ulio chini ya sifuri?" Nilimwonyesha safu ya shaka iliyokuwa pembeni yake. Chombo huhesabu fotoni zote, za nyota na za mandharinyuma (yaani zisizotoka kwenye nyota hiyo), kisha huondoa makadirio ya mandharinyuma kwenye jumla hiyo. Nyota ikiwa imelala, kinachobaki huyumba huku na huku kandokando ya sifuri, na karibu nusu ya nukta hizo huangukia chini. Alizihesabu mwenyewe kwa mwaka mmoja wa utulivu wa A0535+26 na kuona kwamba ndivyo ilivyo. Anayezifuta namba hasi ili grafu ipendeze anaipandisha nyota mwangaza ambao haina.

Huduma ya pili ni ya GBM, chombo cha satelaiti ya Fermi iliyorushwa Juni 2008. Hii kwangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi ya kifikra, ingawa si rahisi kwa mgeni. Haipimi mwangaza wote wa chanzo. Inapima mapigo yenyewe, yaani pulsa inajizungusha mara ngapi kwa sekunde na sehemu ya mwangaza inayopiga ina ukubwa gani. Gesi inapoanguka haileti nishati pekee, huleta pia msukumo wa kuizungusha nyota. Kwa hiyo katika mfumuko wa A0535+26 wa Novemba 2020 grafu ya MAXI inapanda, na wakati huo huo grafu ya GBM inaonyesha nyota ikiongeza mwendo. Mfumuko ukiisha, kuongeza mwendo kunaisha. GX 301-2 nayo ilipata kipindi kama hicho cha kuongeza mwendo kwa haraka mwanzoni mwa 2019, na kwa pulsa inayolishwa na upepo hilo ni jambo la kufikirisha, kwa kuwa linaashiria kwamba kwa muda fulani gesi ilikuwa imejipanga kama sahani badala ya kuanguka ovyo. Kuziweka grafu mbili hizi moja juu ya nyingine, zikiwa na tarehe zile zile, ndiko kunakomtoa mtu katika kutazama mwangaza na kumwingiza katika kuuliza sababu. Ikiwa MAXI itaboreshwa kwa jambo moja tu, ningeomba iwe hilo: kwenye ukurasa wa kila pulsa kiwekwe kiungo cha kwenda kwenye grafu ya mapigo yake.

Kasoro nyingine ya huduma zote tatu ni kwamba zimeandikwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni wataalamu. Nimewaandalia wanafunzi wangu ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza safu za faili, tarehe, bendi na shaka, na tangu hapo kazi imekwenda upesi zaidi. Walimu wenzangu wa Muheza, Pangani na Korogwe wanaweza kuandaa wa kwao kwa jioni moja. Vilevile MAXI ina sehemu ya kuagiza data, ambapo mtumiaji huchagua mwenyewe mahali angani, muda na bendi anazotaka. Ni sehemu yenye nguvu, ila ninamshauri mgeni aiache mpaka awe ameyazoea mafaili ya kawaida, kwa sababu humo anatakiwa kuchagua pia eneo la kupimia mandharinyuma, na akichagua pale penye chanzo kingine jirani, grafu nzima inaharibika bila dalili ya wazi.

Zoezi ninaloliweka la mwisho ni Cen X-3, pulsa ile ya kwanza ya Uhuru. Hapa faili la kila mzunguko linafaa, kwa kuwa mpigo wa sekunde 4.8 hujirudia mara nyingi ndani ya dakika moja ya MAXI na hivyo hausumbui vipimo. Obiti yake ni ya siku 2.087, na katika kila mzunguko pulsa hufichwa na nyota mwenza kwa karibu nusu siku, mwangaza ukishuka hadi karibu na sifuri kisha kurudi. Ukikunja data kwa namba hiyo, yaani ukiipanga upya kama tulivyofanya kwa GX 301-2, kupatwa kunajichora vizuri. Tahadhari ni moja: mwaka mmoja una mizunguko ipatayo 175, kwa hiyo anayekadiria obiti kuwa siku 2.09 atakuwa amekosea kwa nusu siku kufikia mwisho wa mwaka, sawa na urefu wa kupatwa kwenyewe, na grafu yake itaonyesha bonde pana lisilo na kingo. Aanze na kipande cha miezi miwili, alione bonde, kisha aongeze miezi kidogo kidogo huku akirekebisha desimali ya tatu mpaka kingo za bonde zikae mahali pamoja.